Badilisha Pesa Mara Moja Tu

Hotuba kwa waandishi wa programu, Ngong Road, Nairobi

Hamjambo nyote. Poleni na mvua, na poleni zaidi nyinyi mliotoka Rongai, maana mkifika nyumbani leo mtapiga mswaki tu na kurudi kazini.

Mwenyekiti ameniomba nizungumze juu ya programu za aljebra na jinsi zinavyotusumbua, ila akanionya kwamba leo ni Jumamosi na hakuna aliyekuja kufundishwa hesabu. Basi nitaanza na simu.

Ilikuwa saa nne na nusu usiku. Aliyepiga ni meneja wa chama kimoja cha mikopo cha hapa mjini, mzee wa heshima zake, ambaye nilikuwa nimemwandikia programu ya kupiga hesabu za riba. Hakunisalimu. "Kijana wangu," akasema, "hii kitu yako inasema tunakopesha watu bure."

Nikamwambia, "Mzee, hebu nisomee kilichoandikwa."

"Riba kwa mwezi: sifuri nukta sifuri sifuri."

Mkopo wenyewe ulikuwa wa kawaida kabisa. Mtu anachukua shilingi 100,000, analipa 9,500 kila mwezi kwa miezi 12. Piga hesabu: atarudisha 114,000. Maafisa wao walikuwa wakiwaambia wateja kwamba riba ni asilimia 14 kwa mwaka, yaani 14,000 juu ya laki moja, inayohesabiwa siku ya kwanza na haishuki hata deni likishuka. Mimi nilikuwa nimeagizwa nitafute riba halisi, ile inayotozwa kwenye salio lililobaki kila mwezi. Nikatumia programu ya aljebra, kwa majivuno ya kijana aliyegundua kifaa kipya. Kifaa kikaniletea sifuri.

Hiyo sifuri niwekeeni hapo pembeni. Tutairudia.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Kikokotoo cha kawaida kinashika nambari. Programu ya aljebra inashika swali lenyewe. Ukiiuliza kipeuo cha pili cha 2, haikimbilii 1.414; inakaa nacho vilevile kama kipeuo cha pili cha 2, kwa sababu hilo ndilo jibu kamili na 1.414 ni makadirio. Zana hizi si za jana. Macsyma ilianza kuandikwa pale chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1968, na mjukuu wake Maxima bado yupo na ni wa bure. Maple ilizaliwa katika Chuo Kikuu cha Waterloo kule Kanada, Mathematica ikatoka 1988. Leo nitazungumza zaidi juu ya SymPy, maktaba ya aljebra ya lugha ya Python, kwa sababu wengi wenu mnaandika Python na kwa sababu haina leseni ya kulipia kwa dola. Lakini majeraha nitakayoyaonyesha yanapatikana kwa zote, kwa majina tofauti.

Nani hapa amewahi kuvuka Namanga na pesa taslimu? Naona mikono. Mnajua basi. Unafika na shilingi za Kenya, unabadilisha upate za Tanzania. Umesahau kitu, unarudi, unabadilisha tena. Hujanunua hata soda, lakini pesa zimepungua. Kila ukivuka, kuna kinachobaki mezani kwa mwenye duka la kubadilishia.

SymPy nayo ina mpaka. Upande huu ni nchi ya nambari kamili na sehemu: theluthi ni theluthi, kipeuo ni kipeuo, pai ni pai. Upande ule ni nchi ya desimali, ambako kila kitu kina tarakimu kama 16 hivi, na zilizozidi zimekatwa. Nchi zote mbili ni nzuri. Shida ni watu wanaovuka bila kujua kwamba wamevuka, tena mara ishirini ndani ya mstari mmoja wa msimbo.

Tazama ukutani. Nimeandika x**(1/3). Nani anagawa 1 kwa 3 hapo? Wengi mnasema SymPy. Hapana. Ni Python yenyewe, kabla SymPy haijaamka. Python inagawa, inapata 0.3333333333333333, halafu inaikabidhi SymPy kitu ambacho si theluthi tena. Kuanzia hapo hata ukiomba irahisishe mpaka asubuhi, haitajua kwamba ulitaka kipeuo cha tatu. Andika Rational(1, 3), au S(1)/3, na SymPy ndiyo itakayoshika kisu.

Kuna lingine baya kuliko hilo kwa sababu linaonekana limevaa vizuri. Mtu ameambiwa atumie sehemu, naye kwa utiifu anaandika Rational(0.1). Anatarajia moja ya kumi. Anapata hii: 3602879701896397/36028797018963968. Kijana mmoja aliniletea hii akidhani laptopu yake imeingiliwa na virusi. Hakuna virusi. Kompyuta, au tarakilishi kama mwalimu alivyotulazimisha kusema, inahesabu kwa msingi wa mbili, na moja ya kumi katika msingi wa mbili haiishi, kama vile theluthi isivyoisha katika desimali zetu. Kwa hiyo ulipoandika 0.1, Python ilikata, na SymPy ikakunakilia kwa uaminifu kile kilichobaki baada ya kukatwa. Tia alama za nukuu, Rational('0.1'), utapata 1/10.

Mtu ataniambia: sasa tofauti ya tarakimu ya kumi na saba inanihusu nini, mimi nahesabu shilingi? Mara nyingi haikuhusu. Lakini kuna milinganyo inayosikia hata mchwa akipita. James Wilkinson, mwanahisabati Mwingereza, alichukua mlinganyo ambao majibu yake ni 1, 2, 3 mpaka 20, hakuna rahisi zaidi ya huo. Ukiufungua mabano, x yenye kipeo cha 19 inazidishwa kwa hasi 210. Wilkinson akaisogeza hiyo 210 kwa kiasi cha kama 0.00000012 tu. Majibu 10 kati ya 20 yakaacha kuwa nambari halisi, yakageuka kuwa changamano, yaani yenye kipeuo cha pili cha hasi moja ndani yake. Lile la 20 likaruka mpaka karibu 20.85. Hakukosea hesabu. Mlinganyo ndivyo ulivyo. Sasa jiulize ni mara ngapi umepitisha milinganyo yako Namanga kabla haijafika kwenye kutatuliwa.

Tuendelee. Nitapita haraka kwenye mambo ya alama, kwa sababu yanauma siku ya kwanza na baadaye unayazoea. Kiini chake ni kimoja: unaandika lugha mbili kwa kalamu moja. Kipeo ni nyota mbili. Ukiandika 2^3 katika Python unapata 1, na hakuna atakayekuonya. Ukitumia sin ya maktaba ya math kwenye alama ya SymPy italalamika kwamba haiwezi kugeuza usemi, yaani fungu la hesabu lenye alama, kuwa desimali. Tumia sin ya SymPy. Ukiita subs, ile amri ya kutia thamani mahali pa alama, usemi wako haubadiliki, unaletewa mwingine mpya, na usipoupokea unaanguka chini. Halafu kuna herufi zilizoajiriwa tayari: E, I, N, S. Mwenzetu mmoja alisoma kanuni ya riba kutoka kwenye faili kama maneno, P*I*T, naye I kwake ilikuwa riba. Kwa SymPy, I ni kipeuo cha pili cha hasi moja. Ilipofika mahali riba inazidishwa kwa nafsi yake, mkopo ukageuka hasi, na mteja akawa anaidai benki. Nilimwambia hiyo ndiyo riba ya kufikirika.

Hapa kwenye alama mbili za sawasawa, hata hivyo, ningependa tukae kidogo. Ukiandika (x + 1)**2 == x**2 + 2*x + 1, unaambiwa False. Watu hukasirika. Hata mtoto wa kidato cha pili anajua ni kweli! Lakini hukuuliza kama thamani zake ni moja. Umeuliza kama zimeandikwa namna moja, na hazijaandikwa namna moja. Ukitaka kujua kama ni sawa, toa moja kwa nyingine, rahisisha, uone kama imebaki sifuri. Na hata hapo, mwanahisabati Daniel Richardson alithibitisha mwaka 1968 kwamba ukichanganya sine, vipeo vya e, thamani mutlaki na vitu vichache vingine, hakuna utaratibu unaoweza kusema kwa kila usemi kama ni sifuri au si sifuri. Hakuna, na hautapatikana. Kwa hiyo siku amri ya simplify ikikurudishia kitu kirefu, usiseme programu ni mbovu. Chukua nambari tatu nne za kubahatisha, zitie ndani ya semi zote mbili, linganisha. Si uthibitisho, lakini ukikuta tofauti, jibu umelipata.

Sasa nije kwenye kosa lililonila siku mbili nzima, nikiwa mtu mzima, nikijiita mtaalamu.

Nilikuwa na faili mbili. Katika ya kwanza nilitangaza x na nikasema ni chanya, positive=True, kwa sababu nilikuwa nahesabu muda, na muda hauwi hasi. Katika ya pili nilitangaza x bila kusema lolote. Nikaunganisha kazi za faili hizo mbili, nikaomba x kutoa x. Ikaniandikia: x kutoa x. Haikunipa sifuri. Nikatia thamani kwa subs, nusu ya usemi ikapokea na nusu ikabaki na x. Niliwasha na kuzima laptopu. Nilisasisha maktaba. Nililaumu stima, maana siku hiyo ilikuwa imepotea mara mbili.

Kumbe ni x mbili. Zimeandikwa sawa, zinaonekana sawa, lakini moja imeahidi kwamba ni chanya na nyingine haijaahidi kitu, na kwa SymPy hao ni watu wawili. Nenda pale stendi ya magari ya Murang'a uite "Mwangi!" uone wangapi watageuka. Tangu siku hiyo natangaza alama zangu zote katika faili moja tu, na faili nyingine zote zinakuja kuazima pale.

Lakini kwa nini itake kuahidiwa? Kwa sababu haithubutu kudhani ulichonyamazia. Kipeuo cha pili cha x mara x, sisi tunaandika x bila kufikiri. Je, kama x ni hasi 3? Kipeuo cha 9 ni 3, si hasi 3. Sisi tunadhani chanya kwa mazoea ya shule. Yenyewe inasubiri uitamkie. Hali kadhalika kipeuo cha tatu cha hasi 8. Mwanafunzi anatarajia hasi 2. SymPy inampa 2*(-1)**(1/3), na akiomba desimali anaona 1 na 1.732 yenye I mkiani. Hasi 8 ina vipeuo vya tatu vitatu, na programu huchagua kile cha nchi ya nambari changamano. Ukitaka kile cha halisi, kitaje: real_root(-8, 3).

Hiyo I mkiani ina tabia ya kujitokeza hata pasipo na sababu. Jaribuni x**3 - 3*x + 1. Majibu yake yote matatu ni nambari halisi: 1.532, 0.347 na hasi 1.879. Lakini kanuni ya kutatua milinganyo ya kipeo cha tatu lazima ipitie nchi ya changamano ndipo ifike, na ukiligeuza jibu lake kuwa desimali, mara nyingine vumbi la safari linabaki: kitu kama 0.00000000000000000001 mara I. Wewe unauliza kama jibu ni kubwa kuliko sifuri, programu inakataa kwamba nambari changamano haina ukubwa wala udogo, na mfumo unalala. Kama unachotaka ni desimali, acha kanuni, ita nroots. Kama unataka halisi tu, ita real_roots.

Kuhusu mwendo wa kobe. Hapa kila mtu ana hadithi. Mwanafunzi mmoja aliniletea kazi yake ya mkono wa roboti, matriki, yaani jedwali la hesabu, ya sita kwa sita, kila chumba kina alama yake. Ameomba diteminanti, ile thamani moja inayotolewa kutoka kwenye matriki nzima. Feni ya laptopu inalia kama mashine ya kusaga mahindi. Nikamwambia tuhesabu: matriki ya nne kwa nne ikifunguliwa yote ina vipande 24. Ya tano, 120. Ya sita, 720, kila kipande ni mazao ya alama sita. Ya kumi ni 3,628,800. Hata ukilipata jibu, nani atalisoma?

Na uvimbe huu unaweza kutokea katikati ya kazi hata kama mwanzo na mwisho ni vidogo. Donald Knuth, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, ana mfano wa polinomia mbili, moja ya kipeo cha 8 na nyingine ya kipeo cha 6, ambazo nambari zake kubwa kabisa ni 21. Tafuta kigawo kikubwa cha shirika kwa njia ya kale ya Euclid, bila kupunguza kitu njiani na bila kutumia sehemu. Jibu la mwisho ni kwamba hazina kigawo cha pamoja, ni 1 tu. Lakini mstari wa mwisho wa hesabu una nambari yenye tarakimu 35. Thelathini na tano, kutoka 21! Programu za leo zina njia za kuukwepa mtego huo wa polinomia, lakini kwa semi zako za kujitungia hazitakuokoa daima. Kwa hiyo kile unachokijua kitie mapema, kikiwa bado sehemu au nambari kamili. Kama urefu wa mkono wa roboti ni sentimita 30, kwa nini uuite L mpaka mwisho? Yule mwanafunzi alikuwa anajua vyumba vyote isipokuwa viwili.

Kisha ukishapata kanuni yako, usiitumie ndani ya kitanzi kwa subs. Nimeona mtu anapiga hesabu za wateja elfu hamsini, kila mteja anaitiwa subs yake na evalf yake ya kugeuza jibu kuwa desimali, anaenda kunywa chai, anarudi, bado. Hiyo ni kuvuka Namanga mara elfu hamsini na shilingi moja moja mkononi. Kuna lambdify: inachukua usemi wako mara moja, inaugeuza kuwa kazi (function) ya kawaida ya NumPy, maktaba ya kuhesabu nambari nyingi kwa pamoja, na wateja wote wanavuka kwa lori moja.

Sasa ile sifuri.

Niliketi kitandani na laptopu. Nilikuwa nimeandika mlinganyo hivi, na r ni riba ya mwezi: 100000*r = 9500*(1 - (1 + r)**-12). Awali r ilikuwa upande wa kulia, chini, ikigawanya. Mimi niliipandisha kushoto kwa sababu sikupenda sura ya mgawanyo. Tazameni kwa makini. Weka r iwe sifuri. Kushoto, sifuri. Kulia, moja kutoa moja, sifuri. Mlinganyo umetimia! Nilipoipandisha r, niliongeza jibu ambalo halikuwapo.

Nikaomba solve initatulie kikamilifu. Ikanipa majibu 13. La kwanza sifuri, na mengine 12 yote yameandikwa CRootOf, yaani "jibu nambari fulani la mlinganyo ule". Nilidhani inanikejeli. Lakini huo ni mlinganyo wa kipeo cha 12, na mwanahisabati Abel alishaonyesha mwaka 1824 kwamba kuanzia kipeo cha 5 hakuna kanuni ya jumla ya vipeuo. Ndani ya hayo 12, majibu 10 ni changamano, moja ni hasi kupita asilimia mia, na moja peke yake ndilo la binadamu.

Na kwa nini programu ya mzee ilitua kwenye sifuri? Kwa sababu ilitumia njia ya Newton, inayolikaribia jibu hatua kwa hatua na ambayo lazima uipe pa kuanzia, nami nilikuwa nimeipa 0.005. Chora mchoro wake utaona bonde, na kitako cha bonde hilo kiko karibu na asilimia 1.01. Anzia kushoto kwake, unaporomokea sifuri. Anzia kulia, unafika kwenye jibu la kweli. Niliirudisha r chini mahali pake, na hapo sifuri si jibu tena, maana ukiikaribia, upande wa kulia unakwenda kwenye 114,000, si 100,000. Kisha nikaiambia itafute kati ya 0.015 na 0.05, isitoke nje ya hapo.

Ikatoka asilimia 2.076 kwa mwezi. Zidisha kwa 12: karibu 24.9 kwa mwaka.

Saa sita kasoro nilimpigia mzee. Nikamwambia nimepata kosa, lilikuwa langu, nimelirekebisha, afungue upya aone. Nikasikia anavaa miwani, nikasikia kibodi. Kimya kirefu.

"Kijana wangu," akasema, "hii ishirini na nne, wateja nao wataiona?"

"Ndiyo, mzee. Inachapwa kwenye fomu."

Akanyamaza tena. Halafu akaniuliza, kwa upole sana, kama ile sifuri bado ninayo.